Mama Rasmi wa Melki Radi

Ipo nchi iitwayo Uwandani. Mkiniambia haipo sitabishana nanyi, ila mnieleze basi hizi kelele ninazozisikia kila mwaka majira haya zinatoka nyumba ya nani. Ni nchi nzuri. Ina bendera, ina wimbo, ina mawaziri wa kutosha na wengine wa akiba, ina redio moja ya serikali iitwayo Redio Mwangwi, na ina maiti mmoja anayependwa kuliko wazima wote.

Maiti huyo ni Melki Radi, mwimbaji. Alipokuwa hai alipendwa kwa kiasi, na nyimbo zake zilipigwa redioni siku ambazo mtangazaji alikuwa amenunuliwa soda. Alipokufa, wakubwa waligundua kwamba marehemu ni msanii bora kuliko wote: hachelewi studio, hadai haki yake, na hajibu hovyo akiulizwa swali. Tangu hapo, kila inapofika siku aliyokufa, Uwandani huadhimisha Juma la Radi, na juma hilo redio haina neno jingine.

Hali ya hewa husomwa kama kawaida, lakini ni ile ya siku aliyokufa Melki, na huja mtaalamu akaeleza wingu lilikuwa limesimama wapi. Kipindi cha wakulima huzungumzia mihogo aliyoipenda marehemu. Mwaka huu kinyozi wake alihojiwa asubuhi nzima, na alipoishiwa maneno akahojiwa mtu aliyekuwa akingoja zamu nyuma ya Melki kwa kinyozi huyo. Mbuzi aliyewahi kula ganda la ndizi lililotupwa na Melki aliletwa studio, akawekewa kipaza sauti, akalia mara moja, na wachambuzi wakakaa kukichambua kilio hicho mpaka wakati wa chakula. Halafu kila baada ya muda hulia kengele ya taarifa, watu wakaacha walichoshika, na sauti nzito ikasema: "Habari zilizotufikia hivi punde zinathibitisha kwamba Melki Radi bado ni marehemu." Hapo hufuata tangazo la sabuni.

Usidhani mtu anaweza kuziba masikio. Sheria ya Uwandani inasema kwamba juma hilo, popote palipo na mkusanyiko, iwe sokoni, kanisani au kwenye foleni ya maji, redio iwe imewashwa na isikike. Mtendaji wa mtaa hupita kukagua. Kuzima ni kosa, na kosa lenyewe linaitwa kukatiza majonzi ya taifa.

Sasa, asubuhi ya kuanza Juma la Radi, katika mtaa wa Relini, alikufa Bibi Skolastika, mama yake Melki. Namaanisha mama aliyemzaa. Alikuwa ameomba uji, na binti yake Editruda aliporudi na kikombe akamkuta ameshaondoka, kimya, kama alivyozoea kuondoka penye kelele. Redio ya jirani ilikuwa ikisema wakati huo kwamba taifa zima liko pamoja na mama wa Melki. Editruda aliweka kikombe chini, akamfunga mama yake kidevu kwa kitambaa, kisha akakaa akalia peke yake.

Hakukaa sana, maana palikuwa na jambo la haraka. Watu wa Relini wana desturi yao. Kaburi la mzazi hufunguliwa na mtoto wake wa kwanza. Yeye hushika jembe, hupiga pigo la kwanza, na husema, "Mama, nimefika." Ndipo wengine huchimba. Akianza kuchimba mtu mwingine, wazee husema hilo si kaburi, ni shimo, na Bibi Skolastika alikuwa amemwambia Editruda mara nyingi, "Mwanangu, msinitie shimoni kama taka. Mwiteni Gaudensi."

Gaudensi, mtoto wa kwanza, alikuwa mkata magogo katika msitu wa Kirobwe. Kule simu haishiki hata ukipanda juu ya mti. Kinachofika ni Redio Mwangwi, na ndiyo maana tangu zamani watu wa Uwandani wakifiwa hukimbilia dirisha la matangazo ya vifo. Baada ya taarifa ya habari ya mchana husomwa majina: fulani wa mahali fulani anasikitika kutangaza kifo cha fulani, habari zimfikie fulani popote alipo. Na kweli zilikuwa zikimfikia. Mtu alishusha shoka, akavaa shati, akaanza safari ya kwenda kuzika.

Editruda akampeleka mama yake mochwari, akaenda zake redioni akijua kwamba hilo ni jambo la kuingia na kutoka.

Kabla hajaondoka, mtunza mochwari alimvuta pembeni. "Dada, nikwambie kabisa usije ukanilaumu. Umeme wetu umekatwa, umepelekwa uwanjani. Kule wameweka sura ya Melki kubwa kama jengo. Mama hapa ataweza mpaka kesho mchana. Zaidi ya hapo, mimi mwenyewe nitakimbia."

Dirisha la matangazo ya vifo lilikuwa limefungwa, na juu yake pamebandikwa kibao: KWA HESHIMA YA MAREHEMU, VIFO VINGINE VYOTE VIMESITISHWA KWA JUMA ZIMA. Chini yake alikaa msichana anayepaka kucha rangi nyeusi, maana wafanyakazi wote waliamriwa kucha nyeusi.

"Shikamoo dada," alisema msichana. "Hatupokei vifo."

"Marahaba. Wangu umeshatokea."

"Wote husema hivyo. Sasa hivi ametoka hapa baba mmoja na mapacha."

"Mwanangu, aliyekufa ni mama yake Melki."

Msichana aliacha kucha zake. Akamtazama Editruda kwa huruma, ile huruma wanayopewa watu wasiojua wanachosema, akamwonyesha ngazi za kwenda kwa Mkurugenzi.

Mkurugenzi wa Redio Mwangwi ni Dakta Kasembe. Udaktari hakuusomea, alitunukiwa na chuo kimoja ambacho redio ilikitangaza bure. Editruda alimkuta akila keki. Ilikuwa keki ya maadhimisho, imetengenezwa kwa umbo la jeneza, na Dakta alikuwa ameshamaliza upande wa kichwani.

"Karibu, mama. Kata kipande. Huku miguuni kuna zabibu."

"Ahsante, sina hamu. Naitwa Editruda. Mimi ni dada yake Melki."

Dakta alitafuna akifikiri. "Dada wa Melki tunaye. Yuko kwenye kipindi cha alasiri, binti mmoja mrembo sana, ana sauti. Wewe utakuwa dada wa upande gani?"

"Upande wa tumbo. Dakta, mama amefariki leo asubuhi."

"Mama yupi?"

"Mama mzazi. Skolastika."

"Mama mzazi yuko hapo chini," alisema Dakta kwa upole. "Nimemwacha anakunywa chai na andazi."

Hapa inabidi nieleze, maana mgeni wa Uwandani anaweza kudhani Dakta alikuwa amelewa. Mwaka wa kwanza wa maadhimisho, Bibi Skolastika mwenyewe aliitwa studio. Walimvalisha, wakampaka poda, wakamuuliza mbele ya taifa zima: mama, unamkumbukaje nyota wetu? Bibi akasema, "Nakumbuka siku aliyokufa. Alibanwa kifua, tukaita gari la wagonjwa. Tukaambiwa limebeba spika za muziki, limekwenda kwenye mkutano wa waziri. Mwanangu alikufa amekaa kwenye kiti mlangoni, anatazama barabara." Wakapiga wimbo haraka. Tangu siku ile hakuitwa tena, na mwaka uliofuata Redio Mwangwi ilitangaza nafasi ya kazi: mama wa marehemu, mwenye machozi ya karibu, asiye na maneno mengi. Aliyepata ni Mama Prisila, mwanamke wa mjini aliyekuwa akilipwa kulia katika misiba ya wakubwa. Masharti yake yalikuwa mepesi: alie, asiseme.

Haya yote Editruda aliyajua. Hakuja kugombea cheo cha mama.

"Dakta, mimi sitaki mambo ya Melki," alisema. "Msimtaje kabisa. Nataka lisomwe jina la mama na jina la kaka yangu Gaudensi, habari zimfikie, basi. Ni pumzi moja tu."

Dakta alishtuka mpaka zabibu ikamtoka mdomoni. "Tangazo lisilo na Melki? Juma hili? Unataka nifungwe?" Akajifuta. Kisha uso wake ukabadilika, ukawa uso wa mtu aliyeona fenicha nzuri inauzwa. "Ngoja kwanza. Mama wa Melki kufa. Si wazo baya. Lakini mmelifanya ovyo, katikati ya ratiba. Tungeliweka mwakani, siku ileile aliyokufa mwanawe. Mama anamfuata mwana. Nchi ingetikisika. Mama Prisila angezimia jukwaani, tungempa jeneza la kioo."

"Ameshakufa, Dakta."

"Kufa ni jambo la familia, dada yangu. Kutangazwa kufa ni jambo la taifa."

"Na mwili nauweka wapi mpaka mwakani? Hata mpaka kesho kutwa sina pa kuuweka. Umeme wa mochwari mmeupeleka uwanjani."

"Uso wa Melki pale uwanjani una ukubwa wa ghorofa nne," alisema Dakta, sasa akiwa amekasirika kidogo. "Unataka tuuwashe kwa kibatari?"

Editruda aliitazama ile keki. Ilikuwa imebaki miguu. Kichefuchefu kikampanda, si cha mfano bali chenyewe hasa, mate yakamjaa mdomoni, akatoka bila kuaga asije akamtapikia mtu zulia la serikali. Laiti angetapika. Mimi ningemshikia kichwa.

Uani Waziri wa Habari, Michezo na Majonzi alikuwa akihutubia. Alisimama chini ya mwavuli ulioshikwa na watu wawili, mmoja wa mwavuli na mmoja wa kumsaidia wa mwavuli. "Ndugu wananchi," alisema, "kuna mataifa yana mafuta. Kuna mataifa yana dhahabu. Sisi tuna Melki. Mafuta huisha, dhahabu huisha, lakini aliyekufa hawezi kuisha kufa. Wako wanaouliza, mbona hakuna dawa hospitali? Nawajibu: je, Melki alihitaji dawa ili awe Melki?" Watu wakapiga makofi, kwa sababu makofi nayo yalikuwa kwenye ratiba.

Kwenye benchi la ukumbini, karibu na mlango wa studio, alikaa Mama Prisila na kikombe chake cha chai, amejifunga kitambaa cheusi. Alipomwona Editruda alisimama nusu.

"Wewe si binti wa Bibi Skolastika?"

"Ndiye mimi. Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Bibi hajambo? Kila mwaka natamani nije nimwamkie, halafu naona haya. Nitaingiaje mlangoni kwa mtu ambaye nakula kwa jina lake?"

Editruda alikuwa amejitayarisha kumchukia mwanamke huyu. Akaona hata nguvu ya kumchukia hana. "Mama amefariki leo asubuhi," alisema. "Na wamekataa kumtangaza."

Kikombe kikamponyoka Mama Prisila. Mlango wa studio ukafunguliwa wakati huohuo, kijana akamshika mkono akamwingiza ndani, taa nyekundu ikawaka. Editruda alibaki nyuma ya kioo akitazama.

Mama Prisila alilia. Kwa miaka yote aliyolia Redio Mwangwi, hakuwahi kulia hivi. Kilikuwa kilio kibaya, hakikupanda wala kushuka vizuri, kamasi zilitoka, kifua kikakwama, akashika meza kwa mikono miwili. Mtangazaji alifurahi mno. "Msikilizaji," alinong'ona, "uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Msikilize mama wa taifa. Msikilize." Mama Prisila akaisogelea maiki, akafungua mdomo, na Editruda akaona midomo ile inaanza kulitaja jina la Skolastika. Fundi mitambo naye aliona. Akaifunga maiki, akapiga wimbo, na Mama Prisila akaendelea kusema nyuma ya kioo maneno ambayo hakuna aliyeyasikia. Dakta Kasembe aliteremka ngazi na kijiko mkononi. Alisema hicho ndicho kilio bora tangu maadhimisho yaanze, na akaagiza kirudiwe kila baada ya taarifa.

Kesho yake mchana waliupeleka mwili makaburini, maana mochwari hapakukalika tena.

Mjomba Venansi, kaka wa marehemu, ndiye aliyeshika jembe. Alilishika kama mtu anayeshika mzigo wa mwenzie. Watu wa Relini walisimama kuzunguka pale palipopimwa, na hakuna aliyetaka kutazamana na mwingine. Pembeni, juu ya kiti, ilikuwa redio ya Mtendaji wa mtaa, imefunguliwa mpaka mwisho, na Mtendaji mwenyewe amesimama kando yake akiona aibu, lakini amesimama.

"Nani afungue?" aliuliza Mjomba Venansi. "Mimi siwezi. Nikipiga mimi, dada yangu analala shimoni."

"Tungoje kidogo, Mjomba," alisema Editruda, ingawa alijua hakuna cha kungoja.

Redio ikalia kengele. Melki Radi bado alikuwa marehemu. Kisha mtangazaji akasema kwa furaha kwamba gari la matangazo limezunguka nchi nzima kukusanya salamu za wananchi, na sasa limefika mahali ambapo hakuna gari la serikali lililowahi kufika: msitu wa Kirobwe. Gari la wagonjwa halijafika huko tangu Mungu aumbe ile miti. La redio lilipasua njia.

"Hapa tuko na mkata magogo mmoja," ikasema redio. "Bwana, una lipi la kusema siku hii kubwa?"

"Mimi nasalimu mama," ikasema sauti nyingine.

Editruda akamshika Mjomba mkono. Ilikuwa sauti ya Gaudensi, nzito, ya mtu asiyezoea kusemea kwenye chombo.

"Jana nimesikia wanasema mama yuko studio analia," Gaudensi aliendelea. "Nimesikia kile kilio, sikulala. Mama, usilie namna ile. Basi inatosha. Nimekurinia asali, dumu zima, ya nyuki wadogo ile unayoipenda. Nakuja, mama. Kazi hii ikiisha tu, nakuja."

Mjomba Venansi alimtazama Editruda, macho yamejaa. "Neno lenyewe silo," alisema polepole. "Lakini sauti ndiyo yenyewe. Mtoto wa kwanza amesema juu ya kaburi." Akamkabidhi jembe. "Piga, mwanangu. Piga kwa mkono wa kaka yako."

Editruda alipiga, na udongo ukakubali.

"Maneno mazito hayo," ilikuwa ikisema redio. "Na wewe bwana ni nani kwa mama wa Melki?"

"Mimi mwanawe wa kwanza."

Mtangazaji akacheka, kicheko kizuri cha redio. "Umesikia, msikilizaji? Ndiyo mapenzi hayo. Sote ni wanawe wa kwanza." Likaingia tangazo la sabuni.

Editruda alikwenda mpaka kwenye kile kiti akaizima redio.

Uwandani nzima hakuna aliyewahi kufanya hivyo katika Juma la Radi. Wanaume waliokuwa wameanza kuchimba walisimamisha majembe.

"Dada Editruda," alisema Mtendaji kwa sauti ya chini, "mimi najua una msiba. Lakini hili itabidi nilipeleke juu."

"Lipeleke, baba. Tena kimbia. Wakikuuliza kwa nini nimezima, waambie nimezima kwa sababu mama yangu amekufa. Taja na jina, Skolastika wa Relini. Mimi walinikatalia. Labda wewe watakusikiliza, maana unaleta kesi."

Mtendaji alichukua redio yake akaenda. Ukweli usemwe, alikwenda kwa mwendo wa mbio, na alipofika alilisema lote, pamoja na jina, kama alivyoagizwa. Wakubwa walimsikiliza kwa makini, wakashauriana, wakampigia simu Waziri. Na jioni hiyo Redio Mwangwi ilikatisha hata mahojiano na kiatu cha marehemu ili kusoma taarifa maalumu.

"Habari zilizotufikia hivi punde," ilisema ile sauti nzito, "zinasema mwanamke mmoja mpotoshaji amekamatwa kwa kukatiza majonzi ya taifa, akidai kwamba mama mzazi wa Melki Radi amefariki dunia. Wananchi wanaombwa kupuuza uzushi huo. Wizara imethibitisha kwamba mama ni mzima, ana afya njema, na anawashukuru wote waliomtumia salamu."

Kule msitu wa Kirobwe, Gaudensi alikuwa ameisogelea redio yake tangu alipotajwa mama. Aliisikiliza taarifa mpaka mwisho, akashusha pumzi. Kisha akalisogeza dumu la asali kivulini, akakaza kifuniko, akarudi kwenye magogo.